Adui Mwenye Masikio: Namna ya Kumpima Mwigizaji wa Gemu

Wapenzi wa gemu wakianza kubishana nani ni adui bora, kwa kawaida hupima kwa hofu: yupi aliwatia baridi, yupi aliwaua mara nyingi zaidi. Kipimo hicho humpa mwigizaji sifa zisizo zake. Giza la ukumbi limepangwa na watu wa taa, muziki wa kutisha umetungwa na mwanamuziki, na ugumu wa pambano umesukwa na mbunifu wa gemu. Viondoe vyote hivyo, nayo kazi inayobaki mikononi mwa mwigizaji ni moja, tena ngumu kuliko kutisha: kuzungumza na mtu asiyekuwepo, na kumfanya mtu huyo aamini kwamba anasikilizwa.

Mtu mwenyewe ni wewe uliyeshika padi. Mwigizaji alipoingia studio hakukujua. Hakujua kama utacheka, utakimbia, au utafyatua risasi kabla hajamaliza sentensi. Mwigizaji wa jukwaani huisikia hadhira ikivuta pumzi. Wa filamu mara nyingi huwa na mwenzake mbele yake. Wa gemu huachiwa nafasi tupu, na ubora wake hujulikana kwa namna anavyoijaza. Mwongozo huu unakwenda na kipimo hicho. Mfano wake mkuu ni Vaas Montenegro, kiongozi wa maharamia katika Far Cry 3, gemu ya Ubisoft Montreal iliyotoka mwaka 2012, aliyeigizwa na Mkanada Michael Mando.

Jua kwanza kazi ilivyofanyika

Kazi hii ina njia kuu mbili. Ya kwanza ni chumba cha kurekodia sauti: mwigizaji, kipaza sauti, na orodha ndefu ya mistari ambayo mara nyingi haifuatani kama hadithi. Anaweza kuanza na kifo chake asubuhi na kumalizia na salamu ya kwanza jioni. Ya pili ni kunasa mwendo. Hapo mwigizaji huvaa nguo ya kubana yenye vialama vinavyosomwa na kamera zilizouzunguka ukumbi, na kichwani huvaa kofia yenye kamera ndogo inayomtazama usoni. Kisiwa, minazi na kizimba vyote atavichora akilini mwake.

Vaas alitokana na njia ya pili, Mando akitoa sauti, mwili na hata sura. Adui aliyekusudiwa mwanzoni alikuwa pandikizi la mtu, misuli mitupu. Mando, ambaye hana umbo hilo, alipofanya usaili aliwavutia waundaji hata wakaliweka kando lile pandikizi na kumbuni adui upya kwa kumfuata yeye. Ndiyo maana Vaas hategemei ukubwa. Silaha yake ni kutotabirika, na hiyo aliingia nayo mwigizaji mwenyewe siku ya usaili.

Fuata macho

Far Cry 3 huonekana kupitia macho ya mhusika, kwa hiyo adui akitazama kamera anakutazama wewe. Gemu inafunguka kwa video ya vijana wa Kimarekani wakistarehe likizoni. Kisha picha inarudi nyuma, na kumbe video hiyo imo kwenye simu iliyo mkononi mwa Vaas, huku Jason Brody, yule mhusika unayemcheza, na kaka yake Grant wamefungwa ndani ya kizimba.

Angalia Mando anavyoyatumia macho hapa. Hakutumbulii muda wote. Anaisifia simu, anazubaa kidogo na mambo yake, halafu anakurudia. Kila akitazama pembeni unapata nafasi ya kupumua. Kila akirudi unajikuta umejiandaa kumjibu. Grant anapothubutu kutia neno, Vaas anamnyamazisha kwa ukali, kisha anaendelea na Jason kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko kuendelea ndiko kunakotisha, maana kunakuonyesha kuwa ukali ule haukumgharimu chochote.

Mwigizaji dhaifu hukodoa macho kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kama msoma taarifa ya habari. Anatoa maneno yote yaliyoandikwa, lakini wewe huna mahali pa kuingia. Jiulize pia ni nini kinachotangulia, sura au sauti. Mtu wa kweli akikasirika, hasira humpitia usoni kabla ya kufika kinywani. Sauti ikitangulia na sura ikifuata baadaye, ama mwigizaji alikuwa anasoma, ama wahuishaji walilazimika kumbandikia hisia ambayo yeye hakuileta.

Pima mshuko kabla ya mpando

Tukio linalokumbukwa zaidi ni lile ambalo Vaas anamweleza Jason maana ya wazimu, Jason akiwa amefungwa kwenye tofali zito kando ya shimo la maji. Wengi wamemwiga, na karibu wote huiga mlipuko. Wanaachwa pale anaposhuka. Vaas anaanza kama mtu anayeuliza swali la kawaida, anafoka, kisha sauti inateremka polepole hadi anaonekana kujishangaa mwenyewe. Kufoka kunawezekana kwa yeyote mwenye mapafu. Kushuka kunahitaji mwigizaji ajue alipanda kwa sababu gani.

Kwa hiyo mpando wowote utafutie sababu yake. Je, alipandwa na hasira kwa neno lililosemwa, kwa kumbukumbu, au kwa kuona humwogopi? Usipopata sababu, hicho ulichosikia ni kelele, na debe tupu haliachi kuvuma. Kelele zenyewe zina gharama. Kuanzia Oktoba 2016 hadi mwaka 2017 waigizaji wa gemu wa Marekani waligoma chini ya chama chao, SAG-AFTRA, na miongoni mwa madai yao lilikuwemo suala la koo kuumizwa na vikao virefu vya mayowe.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kulitazama tukio mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti: mwili peke yake unakuambia nani ana nguvu, na lini zimehama? Mara ya pili ipe skrini mgongo na usikilize tu: unajua lini amekaribia, lini amekuacha? Kazi nzuri hupita njia zote mbili.

Sikiliza kama anajifurahia

Adui mwenye mvuto hajioni adui. Mfano mzuri ni Handsome Jack wa Borderlands 2, gemu nyingine ya 2012, aliyepewa sauti na Dameon Clarke. Sehemu kubwa ya gemu hukutani naye uso kwa uso. Anakupigia kwenye redio. Kwake wewe ni jambazi na yeye ndiye stelingi. Kuna mahali anajigamba kuhusu farasi wake wa almasi huku akitafuna vitafunwa kipazani mwako. Clarke anaucheza mstari huo kwa uzembe wa mtu anayeamini umeacha shughuli zako zote ili umsikilize.

Uzembe huo una faida inayoonekana baadaye. Binti yake Angel anapokufa, nawe ukiwa na mkono katika kifo hicho, mizaha inakatika. Sauti ni ileile, lakini sasa inakuchukia kwa dhati, na kwa mara ya kwanza Jack ana haki ya kukuchukia. Laiti Clarke angekuwa ameanza na chuki, pasingebaki pa kwenda. Muhakiki makini hutazama mwigizaji aliweka akiba gani mwanzoni, na aliitumia wapi.

Mtazame anavyozungumza na bubu

Mtihani mgumu kuliko yote ni pale mhusika wa mchezaji asipotamka hata neno moja. Katika Portal ya kampuni ya Valve, iliyotoka 2007, Chell hasemi lolote. Mazungumzo yote yanabebwa na GLaDOS, kompyuta inayosimamia majaribio. Sauti yake ni ya Ellen McLain, mwimbaji wa opera, ambaye kabla ya hapo alikuwa amesikika kama mtangazaji asiye na huruma wa Half-Life 2.

McLain anabana. Anazungumza kama mashine inayosoma maandishi, kila silabi mahali pake, na dhihaka anaificha katika kupanda kudogo kwa sauti mwishoni mwa sentensi. Anakaa kimya kwa muda ambao mtu angeutumia kujibu, kisha anaendelea kana kwamba amelisikia jibu lako na limemchosha. Mwishoni, kimojawapo cha viini vya kompyuta hiyo kinapoharibiwa, ubaridi wa mashine unapungua na anazungumza karibu kama binadamu. Badiliko hilo linashtua kwa sababu aliyatunza mapambo yake tangu mwanzo. Mwimbaji aliyefundishwa kudhibiti pumzi aliona kwamba hapa ustadi ni kutoonyesha ustadi.

Rudia, kisha rudia tena

Filamu unaitazama ikapita. Gemu unakufa, unaanza upya, na unausikia mstari uleule. Kwa hiyo usimhukumu adui kwa mara ya kwanza. Subiri mara ya kumi. Mzaha wenye tabaka moja huchacha mapema. Wenye tabaka zaidi hukupa kitu kingine: kwanza unacheka, halafu unaona alikuwa anakudharau, halafu unaanza kuhisi ana wasiwasi.

Mark Hamill alilijua hili katika nafasi ya Joker. Alianza kumpa sauti kwenye katuni mwaka 1992. Katika Batman: Arkham Asylum ya 2009 anakusumbua kwa vipaza sauti vya kisiwa kizima, na hata ukishindwa anaweza kutokea kukukejeli. Zihesabu aina za kicheko chake: kipo cha furaha, cha uchovu, na kipo cha mtu anayejaribu kuficha kwamba amekasirika. Kwa kazi yake katika Batman: Arkham City alipata tuzo ya BAFTA ya uigizaji wa gemu mwaka 2012. Kicheko kimoja kilichorudiwa kingekuwa king'ora tu.

Sifa mgawie kila mwenye haki

Adui wa gemu ana wazazi wengi, na mjuzi hawachanganyi. Lady Dimitrescu wa Resident Evil Village (2021) ana urefu wa mita 2.9 ukijumlisha kofia na viatu, na anainama kupita milangoni. Sura ilitolewa na Helena Mankowska. Sauti na miondoko ni ya Maggie Robertson, aliyepata tuzo ya uigizaji bora katika The Game Awards mwaka huohuo. Urefu ni kazi ya kompyuta. Utulivu wa mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuharakishwa na yeyote, huo ni wa Robertson. Mwandishi naye ana fungu lake: mstari mbovu ukisikika mzuri, msifu mwigizaji, mstari mzuri ukisikika wa kawaida, unajua wa kumlaumu.

Mwisho, pima pengo

Vaas anauawa gemu ikiwa karibu nusu. Anayemrithi, Hoyt Volker, ana cheo kikubwa na jeshi kubwa zaidi, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba gemu ilipwaya tangu hapo. Hoyt anatoa hotuba. Vaas alikuwa anazungumza nawe. Mwaka 2021 Mando alirudi katika nyongeza ya Far Cry 6 ambamo mchezaji anakuwa Vaas mwenyewe, akizunguka ndani ya akili yake. Na kama unashuku kwamba alikuwa anacheza tu tabia yake, mtazame kama Nacho Varga katika tamthilia ya Better Call Saul, kijana anayemeza karibu kila anachotaka kusema.

Far Cry 6 yenyewe ina somo la upande wa pili. Adui wake, Antón Castillo, ni Giancarlo Esposito, mwigizaji ambaye ubora wake hauna ubishi. Katika video ya kuitangaza gemu anampa mwanawe Diego guruneti, na utulivu wake unakausha mate. Lakini katika gemu nzima matukio yake bora ni ya yeye na Diego. Anamsikiliza mtoto, anamsoma, anamjibu; mchezaji anabaki kuchungulia mazungumzo ya watu wengine. Kila kipimo cha uigizaji Esposito anakipita, ila nafasi aliyopewa haikumwelekeza kwako.

Kwa hiyo ukiona bango la gemu mpya lenye uso maarufu, usinunue kwa bango, wala kwa video ya dakika mbili iliyokatwa vimya vyote. Tafuta tukio zima lisilokatwa, ambamo adui yuko na mhusika wako peke yao, na utazame sekunde zile ambazo hasemi kitu. Akionekana kungoja jibu lako, gemu hiyo ina mwigizaji, na waliomwandikia walijua wa kumtazamisha.