Sifa ya Kifuko cha Bitana

Mtu akitaka kumpima fundi wa nguo, asimpe kanzu ya sikukuu wala gauni la bibi arusi, ambamo darizi na taraza huweza kuyateka macho hata kazi yenyewe isitazamwe; na ampe vipande vinne vya kitambaa na vigwe viwili, amwombe kifuko cha kufumba kilichotiwa bitana, na kazi itakapokwisha asishughulike na uso wake wa nje, bali aufumbue mdomo, atie mkono, apapase ndani mpaka pembeni. Asipokuta uzi unaoning'inia, wala pindo lililochanuka, wala kifundo kinachokwaruza kidole, na astahi, maana yuko mbele ya mtu ajuaye kazi yake.

Kazi hii mtoto wa miaka kumi aweza kuimaliza kwa asubuhi moja akiwa na sindano, mkasi na subira. Lakini mimi siisifu kwa wepesi wake, naisifu kwa kuwa ni kazi isiyo na mgongo. Nguo zetu nyingi zina upande wa kuonyeshwa na upande wa kusitiriwa, na mshonaji mvivu huutegemea huo wa pili kuzika ndani yake kila alichokiharibu. Walakini kifuko chenye bitana kina nyuso mbili, mmoja wa macho na mmoja wa mkono, na mishono yake yote hukaa katika nafasi nyembamba iliyo kati ya vitambaa viwili, mahali ambapo hapana atakayeingia kukagua. Washonaji wa kofia za viua walijua jambo hili zamani, kwani kofia yao nayo ni ya tabaka mbili. Hapo katikati ndipo ninapoiona murua ya fundi: akiacha ukingo mnene au akikata pembe ovyo, hapana atakayeitambua sababu, ila kifuko hakitakaa sawa mpaka kichakae.

Kitambaa si lazima kiwe cha fahari. Pwani yetu imezijua nguo za kila namna ziletwazo na bahari: bafta na melimeli, atlasi na bahameli, kaniki iliyotiwa nili, na merikani isiyopaushwa, ambayo marikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, ziliileta Unguja katika karne ya 19, zama za Sayyid Said aliyefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na ambayo misafara iliichukua hata bara ikapokewa kama fedha. Kwa upande wa nje, mimi naliona pindo la kanga kuukuu lafaa kuliko vyote hivyo, kwa sababu limekwisha kufuliwa mara nyingi, na rangi yake na kimo chake vimetulia. Pamba mpya hurudi ikiguswa na maji, na kila aina hurudi kwa kadiri yake. Basi asiyeroweka na kuanika vitambaa vyote viwili kabla ya kukata ataona, baada ya kufua mara moja tu, bitana imefupika na kifuko kizima kimejikunja.

Katika kukata, kimo cha kifuko na kifuate uzi wa mtande, unaokwenda sambamba na kingo za jora, maana huo haunyumbuki. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunepa kwa uzito wa vitu, kikapoteza umbo. Vipande viwili vya nje vya inchi 8 kwa 10 vyatosha, na viwili vya bitana vya kipimo hicho hicho, ila mshono wa bitana huingizwa ndani zaidi kwa unene wa nyuzi mbili tatu, kwa kuwa kinachozungukwa lazima kiwe kidogo kuliko kinachokizunguka.

Halafu huja sehemu ambayo mwanafunzi haiamini mpaka aione. Kila kipande cha nje huwekwa uso kwa uso na kipande cha bitana, vikashonwa ukingo wa juu peke yake, vikafunuliwa vikawa kitambaa kimoja kirefu; kisha virefu hivyo viwili hulazwa tena uso kwa uso, nje juu ya nje, bitana juu ya bitana, vikapigwa bandi, vikashonwa kuzunguka pande zote, nusu inchi kutoka ukingoni, ila huachwa mwanya wa vidole vitatu katika kitako cha bitana, na vijidirisha viwili vya nusu inchi katika mbavu za nje, chini kidogo ya mdomo. Wakati huo mkononi hamna kifuko bado. Mna kitu kirefu chenye vitako viwili, kinachoonyesha kila kilichopasa kufichwa. Ncha za pembe hukatwa karibu na uzi pasipo kuugusa, ili zisirundikane. Kisha vidole huingia katika ule mwanya, vikaishika pembe ya mbali kabisa, vikavuta. Nguo yote, ya nje na ya ndani, hupita katika tundu moja la vidole vitatu, ikatokea imegeuka uso. Nimewaona mafundi waliozeeka juu ya cherehani wakitabasamu hapo, wala sistaajabu, maana mpango uliokuwa kichwani tu hudhihirika kwa mara moja, umefaulu au umeharibika, na udhuru hausikilizwi. Cherehani siitukani, yanyoosha mstari kwa wepesi ambao mkono hauwezi. Lakini ule mwanya haufungwi vyema ila kwa mkono, kwa vishono vidogo vinavyozama ndani ya pindo. Bitana husukumwa ndani ya kifuko, na pasi ya makaa ikapitishwa mdomoni.

Mistari miwili ya mshono ikizunguka juu na chini ya vile vijidirisha hufanya nefa, ile ile ambayo mama zetu wa Unguja waliitia viunoni mwa suruali za marinda. Kigwe cha kwanza huingia dirisha la kuume, kikazunguka kifuko kizima, kikatokea pale pale kilipoingia. Cha pili hufanya vivyo hivyo kutoka kushoto. Kigwe kimoja nacho chafumba, ila huuvuta mdomo upande. Viwili vivutwapo kinyume huukaza sawasawa, na kifuko kikitundikwa kwa vigwe vyake, kadiri kilichomo kinavyozidi uzito ndivyo mdomo unavyozidi kufumbwa. Atiaye udi na achague bitana iliyofumwa karibu karibu, vipande visichomoze; na juzuu ya mtoto wa chuoni yataka bafta nyeupe, na nafasi ya kuitoa pasipo kuzikunja kurasa.

Kinachochakaa kwanza ni nefa, kwa kuwa vigwe huisugua kila siku, na hapo ndipo bitana iliyoshonwa kwa uangalifu inapolipa ihsani yake. Hakitupwi kifuko, hufumuliwa mistari ya nefa na mshono wa mdomo, nguo ya nje iliyokwisha ikaondolewa, bitana ikaunganishwa na nyingine ya kipimo kile kile, ule mwanya wa kitako ukafunguliwa tena, na nguo mpya ikapitishwa humo humo.