1/17: Tarakimu 16 za Kusisimua

Walimu wa hisabati wa Kasulu na Kibondo, kama hamjawahi kuigawanya 1/17 kwa mkono mpaka mwisho, tafuteni karatasi sasa hivi! Nimetoka kuimaliza kwa mara ya kwanza na bado mkono unaniwasha.

Kalkuleta ya dukani, ile ya tarakimu nane, inakupa 0.0588235 na kunyamaza kabla utamu haujaanza. Shika kalamu. 10 kwa 17 haiendi, andika 0. 100 inakwenda mara 5, baki 15. 150 mara 8, baki 14. Jamani, yaangalieni mabaki! 10, 15, 14, 4, 6, 9, 5, kila moja jipya, na hatua ya nane linatokea 16. Hapo nilipiga kelele. Acha kugawanya! Chukua ulichokwisha kuandika, 05882352, kila tarakimu itoe kwenye 9: 94117647. Nusu ya pili hiyo, imejileta yenyewe! Ukibisha, endelea kugawanya: mabaki yanayofuata ni 7, 2, 3, na kila moja ukilijumlisha na lile la hatua nane nyuma unapata 17. Mwishoni linarudi 1, mzunguko unaanza upya, na hakuna baki hata moja kati ya 1 na 16 lililorukwa.

Si kila namba tasa ina ukarimu huu. 7 inamaliza mabaki yake yote sita, lakini 13 inajirudia baada ya tarakimu 6 tu, na 11 baada ya 2. Mwingereza William Shanks alitoa mwaka 1874 urefu wa mzunguko wa kila namba tasa chini ya 20,000, enzi za kalamu na karatasi! Na je, hizi zinazomaliza mabaki yote zina mwisho? Emil Artin alikisia mwaka 1927 kwamba hazina. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Desimali zinazojirudia ni mada ya Kidato cha Kwanza, na watoto wetu wamezoea kufanya mtihani wa hisabati bila kalkuleta, kwa hiyo wanachohitaji wanacho tayari. Kwa nini tuishie kwenye 1/3? Wapeni 17! Wakimaliza wapeni 19, yenye tarakimu 18. Baki la 18 linawasubiri hatua ya tisa.