Dhana na Mizani Yake

Mwalimu hupokea insha nyingi, na nyingi katika hizo husahauliwa upesi. Iko moja ambayo sijaisahau. Iliandikwa mjini Lodwar na kijana mmoja aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ile iliyofunguliwa mwaka 1992. Niliwataka wanafunzi waeleze jambo moja la maumbile ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake. Wenzake waliandika habari za mvua, za ziwa, na za mifupa ya kale iliyofukuliwa Turkana. Yeye aliandika habari za uzito wa nyota.

Kijana huyo alidai kwamba vitu havivutani hata kidogo. Kwa maoni yake, anga imejaa msukumo usioonekana, utokao pande zote kwa nguvu sawa. Vitu viwili vikikaribiana hukingana, kama watu wawili wanaosimama bega kwa bega wakati wa upepo wa vumbi wa Kakuma. Basi kila kimoja husukumwa kuelekea mwenzake. Jiwe huanguka kwa sababu dunia imelikinga na msukumo utokao chini. Akamalizia kwa kusema kwamba ile maada ya giza wanayoitaja wataalamu haipo, bali ni jina lililobuniwa ili kuficha aibu ya kutojua.

Ilikuwa rahisi kuipiga insha hiyo mstari mwekundu, na ilikuwa rahisi vilevile kuisifu ili kumpendeza mwandishi. Njia zote mbili zingemdharau. Anayestahili heshima hupimwa kwa mizani ile ile wanayopimiwa wakubwa.

Kwanza tukubali kwamba shaka yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alichunguza kundi la galaksi liitwalo Koma, akaona kwamba galaksi zake huenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lile lingalikuwa limetawanyika zamani. Kitu gani kililishika? Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima mwendo wa galaksi ya Andromeda, wakakuta kwamba nyota za pembeni hazipungui mwendo kama ilivyotazamiwa.

Mwaka huo huo nchi yetu iliingia katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni. Ilipolielekea kundi la Koma, ilikuta eksirei zimeenea katikati ya galaksi, na wataalamu wakatambua kwamba humo mna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi. Basi sehemu moja ya kile kilichokosekana ilikuwa ni maada ya kawaida, ambayo macho hayakuweza kuiona. Hata hivyo haikutosha. Gesi yenye joto kama hilo nayo ingetoroka kama isingeshikwa na kitu kingine. Leo wataalamu wanakadiria kwamba maada ya giza ni kama mara tano ya maada ya kawaida.

Mbele ya fumbo hili kuna milango miwili. Mmoja ni kusema kwamba kiko kitu tusichokiona. Wa pili ni kusema kwamba kanuni ya uvutano yenyewe ina upungufu. Huu ndio mlango alioufungua Mordehai Milgrom mwaka 1983. Msomaji asidhani kwamba mlango mmoja ni wa werevu na mwingine ni wa wajinga, kwa kuwa kila mmoja umewahi kushinda. Sayari ya Uranusi ilipokwenda tofauti na hesabu, Urbain Le Verrier alisema kwamba iko sayari nyingine inayoivuta. Akaonyesha mahali pake, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana karibu na hapo. Kisha Utaridi nayo ikaonekana kwenda upande, na mwaka 1859 mtu yule yule akasema tena kwamba iko sayari iliyofichika karibu na jua. Wakaitafuta miaka mingi wasiione. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba hakukuwa na sayari yoyote pale. Kanuni ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Mwerevu mmoja, hoja moja, mara ya kwanza akapata, mara ya pili akakosa. Kilichoamua ni kipimo, wala si sifa ya msemaji.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Dhana ya msukumo si ngeni. Georges-Louis Le Sage wa Geneva aliitetea katika karne ya 18. Uzuri wake ni kwamba inaeleza mvuto kwa jambo ambalo kila mtu amelihisi mwilini. Lakini tuiulize inatudai nini zaidi. Mpanda bodaboda atokaye Kakuma kwenda Lodwar, hata siku isiyo na upepo, huhisi upepo kifuani kwa sababu anakwenda. Vivyo hivyo dunia, inayolizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa sekunde, ingekutana na msukumo mkubwa zaidi mbele kuliko nyuma. Ingesogea karibu na jua mwaka hata mwaka, na mwisho ingeliangukia. Tena, msukumo unaozuiliwa na mwamba hauna budi kuupasha moto mwamba huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Henri Poincaré alipiga hesabu, akaona kwamba joto hilo lingeiteketeza dunia. Nasi tupo, tunalima, tunachunga, na mwaka wetu haujafupika. Hapo ndipo dhana ilipovunjika.

Je, kuvunjika huko ni fedheha? Kando ya njia itokayo Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za mawe zinazoitwa Namoratunga. Mwaka 1978 B. M. Lynch na L. H. Robbins walitangaza kwamba nguzo 19 za mahali hapo zimeelekezwa kwenye nyota na makundi saba ya kalenda ya Waborana, Kilimia kikiwa kimojawapo, na kwamba zilisimikwa yapata miaka 300 K.K. Ilikuwa dhana ya kupendeza, na wengi waliipokea kwa furaha. Mwaka 1982 Robert Soper alizipima upya, akaonyesha kwamba mawe yale yana sumaku inayoweza kuipotosha dira. Uchimbaji wa baadaye umeonyesha kwamba nguzo za namna ile kandokando ya Ziwa Turkana ni za kale zaidi, za miaka kati ya 5000 na 4000 iliyopita, nazo zilijengwa na wafugaji wa kwanza wa nchi hii mahali pa maziko. Huko Lothagam Kaskazini, kwa taarifa ya mwaka 2018, walizikwa watu wasiopungua 580. Wazee wale hawakupungukiwa na heshima kwa dhana ya nyota kutiliwa shaka. Wameongezewa miaka elfu mbili na zaidi. Na hilo liliwezekana kwa sababu Lynch na Robbins waliandika pembe na hesabu zao wazi, ili mwingine azipime.

Hapo ndipo ninapoikosoa insha ya kijana kwa dhati. Kosa lake kubwa halikuwa kusema kwamba vitu husukumana. Kosa lilikuwa kutosema ni kipimo gani kingemfanya aache kusema hivyo. Aliwashutumu wataalamu kwa kuficha ujinga nyuma ya jina, na shutuma hiyo ina haki yake, maana hadi leo hakuna aliyeinasa chembe hata moja ya maada ya giza katika mitambo iliyochimbiwa chini ya milima. Wengi wanaikubali kwa sababu inaeleza mambo mengi kwa pamoja, lakini deni hilo wanalikiri hadharani, tena wanaendelea kuitafuta. Yeye hakukiri deni lolote.

Nilimpa alama 14 katika 20, nikaandika pembeni: "Kama dhana yako ni kweli, mwaka wa dunia ungefupika kiasi gani?" Baada ya siku nne alinijia na kurasa tatu za hesabu. "Mwalimu," alisema, "imeanguka." Nikamwambia kwamba kurasa zile tatu zilikuwa bora kuliko insha. Akaniomba karatasi nyingine.