Mwalimu wa Gitaa Aje na Gitaa Lake

Mtu mzima wa Tandika, Mbagala au Kinondoni aliyejifunza gitaa mwenyewe akiamua kumtafuta mwalimu, mara nyingi huanzishiwa ukurasa wa kwanza: majina ya nyuzi, kodi za C, F na G, mazoezi ya vidole. Hapo ndipo pesa yake inapopotea. C anaijua tangu ujana. Alichokosa ni mtu wa kupiga naye, na sababu imo ndani ya muziki wenyewe aliojifunzia.

Chukua rekodi za DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, au za Msondo tangu ilipokuwa NUTA Jazz mwaka 1964. Solo linazunguka juu, solo la pili linalijibu, ridhimu linashikilia kodi, na besi linagusa baadhi ya mapigo na kuyaruka mengine. Hakuna gitaa linalojitosheleza. Kila mpigaji ameacha mianya kusudi, mwenzake aijaze. Anayenakili kwa redio au simu husikia jumla tu: huokota noti mbili za solo, moja ya solo la pili, akazishona kuwa mstari ambao katika bendi ile hakuna aliyeupiga. Sebuleni unapendeza. Akiitwa kusaidia kwaya au bendi ya mtaani, anamkanyaga mwenzake kila mahali, na chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likiingia anakimbia mapigo, maana hajawahi kulazimika kunyamaza. Kosa hili halionekani mtu akipiga peke yake, ndiyo maana linaweza kudumu miaka ishirini.

Atakayebisha atamtaja Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga “Masanga”. Kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, gitaa moja lilitoa sauti ya mawili. Ni kweli, lakini mtindo ule wa gitaa kavu uliundwa kwa ajili ya mtu mmoja: gumba lina kazi yake chini, shahada ina yake juu. Bendi za Dar ziligawa kazi hiyo kwa watu watatu au wanne. Anayetaka njia ya Mwenda aifuate kikamilifu, tena ni ngumu kuliko inavyosikika. Asichukue solo la Mlimani Park akaliita gitaa kavu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wakubwa hawakusomea. Mbaraka Mwinshehe hakupita chuo cha muziki, na nani leo angemfundisha? Lakini alikuwa na Morogoro Jazz. Bendi ndiyo ilikuwa darasa, lenye masahihisho ya papo kwa papo kila usiku wa dansi. Michael Enoch, aliyewika kwa solo katika Dar es Salaam Jazz, baadaye alipuliza saksafoni Mlimani Park. Anayeweza kuhama chombo hivyo ameujua wimbo kutoka pande zake zote. Fundi, dereva au karani anayeshika gitaa baada ya kazi hana darasa la namna hiyo. Video za simu hazimsaidii hapa, kwani zinaonyesha vidole vizuri lakini hazimsikii.

Kwa hiyo somo lipangwe hivi. Mwalimu achague wimbo ambao mwanafunzi anaupenda, ampe ridhimu, yeye mwenyewe apige solo, kisha wabadilishane. Kasoro za mkono zitajitokeza zenyewe, hasa kiganja cha kulia kinachokakamaa kwenye mwendo wa kasi, na hizo tu ndizo zirekebishwe. Mkao wa ajabu usioumiza wala kuchelewesha uachwe; mara nyingi ndiyo ladha ya mpigaji. Nadharia iingie kwa solfa, ambayo wanakwaya wengi wa Kilutheri na Kikatoliki wanayo tayari kichwani: akijua kwamba kodi imesimama juu ya fa, atahamisha wimbo wowote mwimbaji anaposhindwa kufika juu.

Umri? Vidole vya miaka hamsini vinachelewa kupata kasi, lakini ridhimu halidai kasi ya solo, linadai uthabiti.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu swali moja: atakuja na gitaa lake? Akisema atakuwa anakutazama tu, tafuta mwingine.