Nyoka wa Mpira na Mshika Kiboko

Katuni ya Linley Sambourne, iliyochapishwa katika jarida la Punch la London mwezi Novemba 1906, humwonyesha Mfalme Leopold II akiwa nyoka wa mpira aliyemviringa Mkongo; nyuma yao mwanamke anakimbia na mtoto. Wengi huisoma kama ushahidi wa mateso tu. Usomaji huo ni finyu. Mchoro uliwalenga Waingereza, wakati kampeni ya E. D. Morel ilipokuwa imepamba moto; ndiyo maana mwonevu ana sura na ndevu zinazotambulika, hali mwonewa hana hata jina.

Wachoraji wa Kongo wenyewe, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi katika miaka ya 1970, waliukumbuka ukoloni kwa namna nyingine. Katika picha ziitwazo "Colonie belge", zilizotundikwa sebuleni mwa watu, mwenye kushika kiboko ni askari mweusi. Mzungu amesimama kando, anatazama. Hapa hakuna nyoka. Kuna utawala, na kuna mwenyeji anayeutumikia.

Kwa mwanafunzi wa Mweso, katika Masisi ambamo Wabelgiji walihamishia watu kutoka Rwanda kuanzia 1937, tofauti hiyo si ya sanaa pekee. Akipewa katuni ya Sambourne peke yake, atamchukia nyoka, asiulize habari za askari.