Fomu, Kamera na Fidla

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza faini tatu kwa mpigo, jumla yake shilingi 9,375,000. Kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride ilitozwa 2,975,000 kwa kuwatumia watu ujumbe na simu za vitisho kwa kutumia namba ilizozipata kwa wengine. Baa ya Casa Vera ya Nairobi ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, bila idhini yake. Iliyobaki, 4,550,000, ilikwenda kwa shule. Roma School ya Uthiru ilikuwa imechapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Kwa hesabu hiyo, picha ya mtoto ilitozwa zaidi kuliko vitisho vya mdai.

Habari ile iliwagusa wenye shule. Ilipaswa kuwagusa zaidi watu wa kundi jingine: mashirika ya hisani yanayofundisha vijana muziki. Shule hulipiwa karo, na picha zake ni matangazo tu. Shirika la muziki huishi kwa picha. Msichana mwenye fidla mbele ya mabati, mvulana aliyevimbisha mashavu nyuma ya tarumbeta: hizo ndizo zinazofungua mifuko ya wafadhili. Mfano unaojulikana sana Nairobi ni Ghetto Classics, mradi wa Art of Music Foundation ulioanza mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho, jirani na jaa la Dandora. Uchambuzi huu haulipimi shirika hilo wala jingine lolote la aina yake. Unafuata njia ambayo taarifa za mtoto hupitia tangu anapoandikishwa, na kuangalia panapovuja.

Panapoanzia ni fomu.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, ina orodha ya taarifa inazoziita nyeti. Afya imo, imani imo, kabila limo, kama ilivyo katika sheria nyingi za nchi nyingine. Lakini Kenya imeongeza mambo ambayo msomaji wa haraka huyaruka: mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake, yakiwemo majina ya wazazi, ya watoto na ya mume au mke. Sasa ichukuliwe fomu ya kawaida ya kujiunga na bendi ya vijana. Jina la baba. Jina la mama. Wazazi wanaishi pamoja? Nyumba ni yenu au ya kupanga? Kabla fomu haijafika kwenye magonjwa, shirika limekwisha kukusanya taarifa nyeti za aina tatu, na mara nyingi fomu zenyewe zinalala katika bahasha juu ya piano.

Dawa yake si kuchana fomu. Kila swali lijieleze: nani atalitumia jibu hili, na lini? Pumu ya mwanafunzi wa tarumbeta ina jibu la wazi. Mwalimu wake anaihitaji kila darasa, na kiongozi wa safari anaihitaji siku ya kwenda tamashani. Mhasibu haihitaji kabisa. Anwani ya nyumbani inahitajika kwa mtoto anayeazimwa trombone kwenda nayo kwao, kwa sababu chombo kina bei na lazima mtu mzima akitilie sahihi. Mtoto wa kwaya asiyebeba chochote haulizwi anwani, inatosha namba ya simu ya mlezi. Dini nayo huulizwa kwa mazoea tu. Kama tatizo ni chakula cha kambi ya Ramadhani, swali linalofaa ni nani hatakula mchana, nalo huulizwa wiki ile ile, si siku ya kuandikishwa.

Halafu kuna nakala ya kitambulisho. Afrika Mashariki imezoea kutoa fotokopi ya kitambulisho kwa kila jambo, hata kwa kuazima kiti. Mlezi anapomwandikisha mtoto, mwandikishaji anaweza kukitazama kitambulisho, kuandika kwamba kimeonekana, na kukirudisha pale pale. Fotokopi mia mbili za vitambulisho vya wazazi ndani ya kabati lisilofungwa hazimsaidii yeyote kupiga noti hata moja, ila zinamsaidia sana anayetaka kusajili laini za simu kwa majina ya watu.

Swali la pili ni ridhaa, na hapa sheria ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 33 kinataka mambo mawili kwa pamoja: mzazi au mlezi akubali, na matumizi yenyewe yalinde na kuendeleza maslahi ya mtoto. Sahihi ya mama peke yake haitoshi kuhalalisha picha inayomdhalilisha mwanawe. Tena mtoto kwa Kenya ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Uingereza imeweka miaka 13 kuwa umri ambao kijana anaweza kujikubalia mwenyewe taarifa zake zitumiwe na huduma za mtandaoni. Rapa wa miaka 17 wa Nairobi, mwenye wafuasi wengi kuliko shirika linalomfundisha, bado anahitaji sahihi ya mlezi ili shirika limchapishe. Sheria imeacha mlango mmoja: wanaotoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto peke yake wanaweza kusamehewa ridhaa ya mzazi. Darasa la ngoma halipiti mlango huo, hata kama mwalimu ndiye mtu pekee ambaye mtoto humweleza siri zake.

Ridhaa yenyewe, kwa maneno ya sheria, lazima iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Hapo ndipo fomu nyingi huanguka, kwa kuwa zina sahihi moja chini ya ukurasa inayobeba kila kitu: kujiunga, kupigwa picha, kurekodiwa, kuwekwa Facebook, kutajwa katika ripoti. Mzazi anayejua kwamba akikataa picha mwanawe atakosa fidla hakuwa na hiari. Njia safi ni kuzitenga sahihi. Moja ni ya masomo. Nyingine ni ya picha za ndani, zile za mwalimu kusahihisha mkao wa vidole. Nyingine ni ya mtandaoni, na nyingine ya wafadhili. Mzazi atie sahihi mbili na kukataa mbili, na mtoto aingie darasani siku hiyo hiyo.

Siku ya tamasha, sahihi hizo lazima zionekane kwa mpiga picha, ambaye pengine ni kijana wa kujitolea asiyemjua mtoto hata mmoja. Kinachofanya kazi ni kitu rahisi: beji ya rangi shingoni, au kuwapanga waliokataa upande mmoja wa jukwaa ili kamera ijue pa kuishia. Maelezo ya picha nayo yana hatari kuliko picha. Uso bila jina ni taarifa. Uso pamoja na jina kamili, jina la shule kwenye sweta na mtaa anaokaa ni ramani ya kumfikia. Kuna na kisichoonekana kwa macho: simu nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. WhatsApp huyafuta maandishi hayo picha inapotumwa kama picha ya kawaida, lakini inapotumwa kama hati ili isipoteze ubora, kila kitu hubaki, na wapiga picha wa mashirika hupenda kutuma hati.

Kuna jambo ambalo shule haina na shirika la muziki linalo: wimbo.

Warsha za utunzi huwataka vijana waandike yaliyo moyoni. Nao huandika. Msichana wa miaka 15 anatunga mistari kuhusu baba anayerudi usiku na mkanda mkononi, kaka aliyechukuliwa na polisi, ugonjwa wa mama usiotajwa jina. Kisanaa huenda huo ndio wimbo bora wa mwaka. Kisheria ni taarifa nyeti za watu wanne, na watatu kati yao hawakuulizwa. Mwalimu aliyezoea kuwaza haki miliki atauliza nani mtunzi na nani anamiliki rekodi. Maswali hayo ni halali, ila hayamlindi msichana asijulikane mtaani kwake wimbo ukipanda YouTube. Mlezi anayetakiwa kuridhia uchapishaji pengine ndiye baba anayeimbwa. Hakuna fomu inayotatua hilo. Kinachohitajika ni mtu mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto kuusikiliza wimbo kabla ya studio kuutoa, na uamuzi wake uwe na nguvu kuliko hamu ya mratibu ya kuwa na video kabla ya mkutano wa wafadhili. Wimbo unaweza kuimbwa ukumbini na usipakiwe kokote. Unaweza pia kutolewa kwa jina la kundi zima.

Baada ya fomu na kamera huja mawasiliano, na hapo mifano mibaya imeandikwa vizuri na wasimamizi wa Uingereza. Mermaids, shirika la huko linalosaidia watoto na familia katika masuala ya utambulisho wa kijinsia, lilifungua kundi la barua pepe mwaka 2016 kwa mipangilio isiyofungwa sawasawa. Kurasa zipatazo 780 za barua za siri zikawa zinaonekana mtandaoni kwa karibu miaka mitatu, na majina na anwani za watu 550 yakaweza kutafutwa. Hakuna mdukuzi aliyevunja kitu. Faini ya pauni 25,000 ilitolewa Julai 2021. Central YMCA ya London nayo ilituma barua moja kwa washiriki wa mpango wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kuacha anwani zote zionekane kwa kila mpokeaji. Watu 166 waliweza kutambulika, na Aprili 2024 shirika likatozwa pauni 7,500.

Kundi la WhatsApp la wazazi wa bendi ni ndugu wa makosa hayo. Kila mmoja huona namba ya kila mmoja, na kuingia kundini ni kutangaza kwamba mwanao yumo katika mradi wa watoto wa mazingira magumu. Orodha ya kutangaza, ambayo kila mzazi hupokea ujumbe peke yake, inafanya kazi ile ile bila kuanika namba. Kasoro yake ni kwamba mzazi asiyehifadhi namba ya shirika hapokei kitu, kwa hiyo namba hiyo ihifadhiwe siku ya kuandikishwa, mbele ya mwandikishaji.

Wafadhili hutaka takwimu, na ni haki yao. Lakini takwimu ndogo husema majina. Ripoti inayoandika kwamba katika kata fulani kuna mpiga tuba mmoja wa kike, miaka 14, yatima, imeshamtaja. Vikundi vya watu wachache kiasi hicho huunganishwa na vingine kabla ya ripoti kutoka, na jedwali lenye majina hubaki nyumbani.

Kisha kuna swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza: taarifa hizi zitakaa hadi lini? Kati ya Februari na Mei 2020 wadukuzi waliingia katika mifumo ya Blackbaud, kampuni ya Marekani inayouzia mashirika ya hisani programu za kutunza habari za wachangiaji. Wateja zaidi ya 13,000 waliguswa, na kampuni ililipa fidia kwa bitcoin. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliishutumu kwa usalama hafifu na kwa jambo jingine pia: ilikuwa imehifadhi kwa miaka mingi taarifa isizozihitaji, hata za wateja waliokwisha kuondoka. Watu walioibiwa habari zao mle walikuwemo ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuwemo. Shirika dogo la Mombasa au Kisumu linalotumia Google Drive lina tatizo hilo hilo kwa kipimo chake: jedwali la mwaka 2016 bado lipo, na mwalimu aliyeacha kazi 2019 bado ana kiungo cha kulifungua.

Udogo si kinga. Kanuni za Kenya zinasamehe kujisajili kwa Kamishna taasisi yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini zinawanyima msamaha huo wanaoendesha taasisi za elimu. Na asiyesajiliwa bado anabanwa na sheria yenyewe, ikiwemo saa 72 za kumjulisha Kamishna taarifa zinapovuja na kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake.

Linalobaki ni kujiondoa. Sheria ya Kenya inampa aliyeridhia haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Yaliyofanyika kihalali kabla ya hapo hayabatilishwi, ila yajayo husimama. Kwa hiyo kila faili la picha, video na sauti linapaswa kuandikwa katika jedwali lenye namba ya fomu ya kila anayeonekana au kusikika humo, na mahali pote lilipochapishwa. Ni kazi ya nusu saa baada ya kila tamasha. Bila jedwali hilo, ombi la kuondoa picha moja humlazimu mtu kufungua folda za miaka mitano na kutafuta kwa macho uso wa mtoto ambaye sasa ana ndevu.