Bia, Choo cha Umma na Tadbiri ya Mkutano

Katika miji mingi ya Marekani, mwenye kiwanda kidogo cha bia huweza siku hizi kualikwa na chama cha Rotary wakati wa chakula cha mchana, akaeleza kazi yake kwa muda mfupi na kujibu maswali ya waliohudhuria. Na asiyejua tarehe ya mambo hayo atadhani kuwa hiyo ni adabu tu ya wenyeji kwa mgeni wao. Ukweli ni kwamba watengenezaji wa bia ndio waliokuwa mahasimu wa chama hicho katika kazi yake ya kwanza ya kuwahudumia watu wote, na ikiwa leo wanakaa meza moja, sababu yake ni kwamba maslahi ya sanaa yao yamegeuka. Msomaji ambaye dini yake imemharimishia kileo asiudhike kwa maneno haya, kwani ninalolichambua ni tadbiri ya mkutano, wala simsifii mtu ulevi.

Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, mwanasheria Paul Harris alikutana na watu watatu, na mkutano huo ndio mwanzo wa chama cha Rotary: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, mshona nguo. Wakaafikiana kukutana kwa zamu katika ofisi zao, na baadaye ikawa kanuni kwamba kila kazi iwakilishwe na mtu mmoja. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya mkutano wao, nami nitairudia mwishoni mwa hoja yangu, kwa kuwa mshona nguo asiyemwona mshindani wake barazani hana haja ya kuficha siri za kazi yake, na wenzake, wasiokuwa na tamaa ya kumnyang'anya wateja, humsikiliza ili wajifunze.

Harris aliposhika uongozi wa chama mwaka 1907, alitaka faida ya umoja ule iwafikie hata wasiokuwa wanachama. Chicago ya wakati ule haikuwa na choo cha umma katikati ya mji, na mpita njia aliyeshikwa na haja hakuwa na pa kukimbilia ila kwenye baa au duka kubwa. Chama kikakusanya jumuiya nyingine za mjini, zikaunda kamati moja, nayo ikaiendea serikali ya mji. Wenye viwanda vya bia wakapinga, wakisema kwamba baa za Chicago, ambazo zilihesabiwa kwa maelfu, zinawatosha wanaume; na wenye maduka makubwa ya State Street wakasema kwamba wanawake wana nafasi katika maduka yao.

Inafaa kuutafuta mzizi wa upinzani huo. Ada ya leseni ya baa ilipandishwa kufikia dola 500 mwaka 1883, na dola 1,000 mwaka 1906, na kwa kuwa wenye baa wengi hawakuimudu, kiwanda kiliwalipia leseni, kikawapa na vyombo, kwa sharti kwamba wasiuze bia ya kiwanda kingine. Kwa hiyo kila aliyeingia kwa haja yake, akaona haya kutoka bila kununua gilasi moja, aliwasaidia wenye viwanda kurudisha fedha hizo. Kamati haikudai baa zifungwe. Ilidai kitu kimoja, karibu na jumba la serikali ya mji, kwa kauli ya jumuiya nyingi, na mwaka 1909 choo kikasimama.

Baada ya marufuku ya pombe nchini Marekani kuondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yalikitenga kiwanda na baa, na mnyororo ule wa leseni ukakatika. Mwaka 1976 bunge la Marekani lilimpunguzia mtengenezaji mdogo wa bia ushuru, kutoka dola 9 hadi dola 7 kwa kila pipa la mapipa 60,000 ya mwanzo, na mwaka huohuo Jack McAuliffe akaanzisha kiwanda cha New Albion huko Sonoma. Mtu wa namna hii hana maelfu ya baa za kulinda, bali ana jirani, bomba la maji na mfereji wa maji machafu anaoutumia pamoja na mji mzima.

Basi mkutano unaomwalika utafaulu akiulizwa juu ya hayo. Lita moja ya bia hutumia lita kadhaa za maji, na yanayobaki hutoka yamechanganyika na sukari na hamira, ambazo mtambo wa kusafisha maji machafu hulazimika kuziozesha kwa hewa nyingi. Machicha ya kimea, kwa upande wake, ni lishe njema ya ng'ombe. Mgeni akieleza haya kwa hesabu, na mhandisi, mfugaji na diwani wakamuuliza kila mmoja kwa elimu yake, lile wazo la zamani la mtu mmoja kwa kila kazi huzaa matunda yake.

Nawausia viongozi wa vyama vya hisani katika miji yetu wamwalike mwenye kiwanda, awe wa sabuni, wa ngozi au wa mafuta ya nazi, wala wasimtake hotuba ya shukrani: wamuulize maji yake anayatoa wapi, na taka zake anazipeleka wapi.